Bomba kwanza, kebo baadaye: kuchagua waya wa mtandao kwa nyumba ya Dodoma

Ndani ya ukuta wa sebule yangu, Nkuhungu, imelala kebo moja iliyokufa, na aliyeiua ni saa. Mwaka 2019 nilikuwa namalizia nyumba, mfuko umeshakauka, fundi wa plasta anataka kuanza kesho yake asubuhi. Nikatindua ukuta, nikalaza kebo tupu bila bomba, fundi akaifunika akaniambia, "Bosi, hapo imetulia." Miaka miwili baadaye saa ya ukutani ikahitaji msumari, na msumari ukaenda palepale. Kebo ilikuwa nzuri, shaba tupu, tena ya bei. Haikunisaidia kitu. Kuivuta itoke haiwezekani, kuingiza nyingine haiwezekani. Ama nitindue upya na kupaka rangi ukuta mzima, ama niiache. Niliiacha.

Kazi yangu mwenyewe ni kulaza nyaya za mtandao kwenye nyumba za watu, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili. Wateja wengi hunijia na swali moja kuhusu daraja la kebo ya mtandao: Cat5e au Cat6? Nalijibu, ila kwangu linakuja la nne. Kabla yake kuna kama unahitaji waya kweli, utapita wapi, na umetengenezwa kwa madini gani. Ukikosea hayo matatu, hata ukinunua kebo yenye namba kubwa kuliko zote dukani, utanipigia simu.

Waya, au Wi-Fi peke yake?

Nyumba ya vyumba viwili na sebule, ruta ikikaa katikati, haihitaji kutinduliwa ukuta. Nunua ruta nzuri, iweke juu, mbali na friji, maisha yaendelee.

Shida huanza nyumba ikipanuka. Nyumba zinazojengwa Iyumbu, Ilazo na Nzuguni tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 ni za vyumba vitatu au vinne, tofali za saruji, nondo madirishani, na mara nyingi bafu lenye vigae mpaka juu limekaa katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 5, yale yenye kasi, yakivuka ukuta mmoja wa namna hiyo yanachoka, ukuta wa tatu hayafiki. Ya gigahezi 2.4 yanafika, lakini yana kasi ndogo na yanagombana na ya majirani.

Dukani utaambiwa ununue kirudishi cha mawimbi, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya umeme. Kwa simu ya kuangalia ujumbe kinatosha. Ila vingi vya bei rahisi vinatumia redio ileile moja kupokea na kurusha, kwa zamu, kwa hiyo kasi unayoipata nyuma yake ni kama nusu. Seti za meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana kama mtandao mmoja, ni bora zaidi, na nazo zinafanya vizuri kabisa pale vituo vyake vinapounganishwa kwa waya. Ndiyo maana mimi sipambanishi waya na Wi-Fi. Simu haina tundu la kuchomeka kebo na haitakuwa nalo. Waya kazi yake ni kuufikisha mtandao mpaka dari ya korido, kituo cha Wi-Fi kikae hapo, halafu runinga, kompyuta ya mezani na kamera zichomekwe moja kwa moja ziache hewa kwa simu.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu huwa naweka kebo mbili nyuma ya runinga, moja kwenye meza ya kazi, moja darini katikati ya korido, na moja kila kona yenye kamera. Zote zinarudi sehemu moja, stoo au kabati la korido, palipo na ruta na swichi ya mtandao, kile kiboksi cha matundu kinachogawa mtandao kwa kebo zote. Kila tundu na kebo yake mpaka pale. Usiunge kebo moja ikapita chumba hadi chumba. Faida nyingine utaiona umeme ukikatika: kwa kuwa kila kitu kinaanzia hapo, UPS moja ndogo, yaani betri ya akiba, inashikilia ruta, swichi na kamera zote kwa pamoja.

Kebo ipite wapi?

Njia ziko nne, na moja nimeshaizika kwenye ukuta wangu, sitaizungumzia tena.

Bomba ndani ya ukuta ndilo chaguo langu kwa yeyote ambaye hajapiga plasta. Ni bomba lilelile la plastiki la fundi umeme. La milimita 20 kwa ndani lina uwazi wa kama 16 au 17, na kebo ya Cat6 ina unene wa milimita 6 hivi. Kanuni ni kutojaza zaidi ya asilimia 40 ya uwazi, kwa hiyo hapo zinapita tatu. La milimita 25 linapokea nne na bado unavuta bila kutukana. Tofauti ya bei ya mabomba hayo mawili ni ndogo kuliko chai ya mafundi wa siku moja. Chukua la 25. Kona usiweke zile elbo kali. Pinda bomba kwa springi, mviringo mpana, na zisizidi kona mbili kati ya boksi na boksi. Kabla ya plasta acha kamba ya nailoni ndani ya kila bomba, na mdomo wa boksi uujaze karatasi la mfuko wa saruji ili udongo usiingie.

Kuna sehemu moja watu wengi husahau: lenta. Bomba linapanda kutoka kwenye boksi la soketi kwenda darini, na njiani linakutana na mkanda wa zege wenye nondo. Kabla zege halijamwagwa, simamisha vipande vya bomba kwenye boksi la mbao kila mahali utakapopita. Ni kazi ya dakika kumi. Ukiikumbuka baada ya zege kukauka, ni kazi ya mashine ya kutobolea, kutwa nzima, na unaweza kukutana na nondo katikati.

Fundi umeme atakushawishi: "Hizi zote si nyaya tu? Tupitishe bomba moja." Kataa, hata kama ni shemeji yako. Kwenye bomba lake kuna volti 230. Ganda likichubuka wakati wa kuvuta, umeme huo unaingia kwenye kebo inayoishia kwenye kompyuta na mkononi mwa mtoto. Hata nje ya bomba, nyaya hizo mbili zikienda sambamba ziachane walau sentimita 30, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba.

Njia ya juu ya dari inafaa nyumba iliyokwisha. Ni ya haraka: unapanda, unafunga kwenye kenchi, unashuka. Ila fikiria bati la Dodoma mwezi wa kumi, saa nane mchana. Ukinzani wa shaba unaongezeka kwa karibu asilimia 4 kila joto likipanda nyuzi 10, na kebo nyingi za kawaida zimeandikwa mwisho nyuzi 60 au 75. Haziyeyuki, lakini mita 90, ambazo ndizo mwisho wa kebo ya ukutani, zikipimwa kwenye baridi si mita 90 zilezile juu ya dari. Kisha panya. Panya wa juu ya dari hatafuni kebo kwa njaa. Anatafuta cha kunolea meno, na ganda laini la kebo ndilo analolipenda. Ipitishe kwenye bomba hata huko juu, au angalau ile sehemu inayokaribia ukuta, maana hapo ndipo njia yake ilipo. Na ukifunga kwa tai za plastiki, usikaze mpaka kebo ikabonyea. Nyaya za ndani zimesokotwa jozi jozi kwa hesabu, ukizikaba unaiharibu hesabu hiyo.

Mfereji wa plastiki wa kubandika ukutani unaonekana, sitadanganya. Ukipita juu ya skatingi au kwenye pembe ya dari wageni hawaoni. Gundi yake ya nyuma kwenye ukuta wa rangi ya chokaa, na vumbi hili letu jekundu, itabanduka kabla ya masika. Piga skrubu.

Na kabla ya plasta, piga picha kila ukuta, futi ikiwa imesimamishwa pembeni mwa bomba ili namba zionekane. Picha hizo zitume pia kwa mwenye nyumba mwenzako, maana ndiye atakayekuja na saa.

Shaba, au "shaba"?

Hapa ndipo penye wizi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nzuguni alinipigia mwaka jana. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba kisha akaingia kwenye shida moja kwa moja: "Kamera yangu ya getini mchana inafanya kazi, usiku inalala. Kama yule mlinzi niliyemfukuza." Nilifika jioni tukakaa barazani kungoja giza. Saa moja na nusu kamera ikawasha taa zake za usiku, zile nyekundu hafifu. Picha ikakatika. Ikarudi, ikakatika tena.

Nilifungua boksi la getini, nikakata kipande cha waya wa bluu, nikakikwangua kwa wembe. Juu rangi ya shaba, chini yake nyeupe kama sufuria. Hiyo ndiyo CCA: alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwenye boksi la kebo palikuwa pameandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na hizo herufi tatu za CCA hazikuwepo popote.

Hesabu yake iko hivi. Kutoka stoo hadi getini zilikuwa mita 45, na fundi wa mwanzo alipeleka umeme wa volti 12 kwa jozi mbili za akiba za kebo hiyohiyo. Kwenda na kurudi, alumini ile ilikuwa na ukinzani wa kama ohm 6. Mchana kamera inakula nusu ya inachokula usiku: kwa ampea 0.3 inapoteza njiani volti 1.8, inabaki na 10 na ushee, inavumilia. Taa zikiwaka inataka 0.6, inapoteza 3.6, inabaki na volti 8 na nukta. Inazima. Ikizima mzigo unapungua, volti inapanda, inawaka upya. Hivyo usiku kucha. Shaba halisi ya unene uleule ingekuwa na ohm zisizofika 4, na kamera ingepata volti 9.7, kwa taabu lakini ingekesha.

Tulibadilisha vyote viwili. Tulivuta shaba, na badala ya adapta ya volti 12 tukaweka swichi ya PoE, inayosukuma umeme wa karibu volti 48 ndani ya kebo ya mtandao. Kwa volti hizo kamera ileile inavuta mkondo wa robo tu, na kinachopotea njiani hakifiki volti 1. Swichi ya PoE ya kiwango cha kawaida, 802.3af, inatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, 802.3at inatoa 30. Kamera za nyumbani nyingi zinatosheka na ya kwanza.

Mwenye duka atakuambia CCA ni sawa tu, wote wanaitumia. Inapitisha data, ndiyo, hasa kwa mita chache. Lakini viwango vya kimataifa vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba, kwa hiyo CCA yenye jina la Cat6 ni kama mbolea ya chapa inayojulikana ndani ya mfuko wa kushonwa upya. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba. Inakatika ukiipinda mara mbili tatu kwenye boksi. Pale ganda la shaba linapochubuka, kwenye meno ya soketi, alumini inashika kutu yake nyeupe na mguso unakufa polepole. Utalala na mtandao mzima, utaamka na wa kukatika-katika.

Dukani usitegemee maandishi. Beba wembe. Omba kipande cha sentimita tano, kwangua, tazama. Beba na sumaku ya spika mbovu, kwa sababu zipo pia za chuma kilichopakwa shaba, na hizo zinanasa. Inua boksi: kwenye boksi la mita 305 la Cat5e, shaba peke yake ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi, kabla hujahesabu plastiki, ya CCA haifiki kilo 2. Ukiwa na boksi moja la kila aina mikononi hutahitaji mzani. Na kama ncha zote mbili za boksi zinafikika, multimita, kile kipima umeme, inamaliza ubishi: waya mmoja wa Cat5e ya shaba, mwanzo mpaka mwisho, utasoma karibu ohm 26, wa CCA unaelekea 40. Wengi huagiza mzigo Kariakoo ukaja kwa basi au treni, na hapo huna wembe. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa kwamba utapima, na kwamba isiporidhisha inarudi kwa gharama yake. Mara nyingi atakukumbuka ghafla kwamba ana boksi jingine.

Sasa, Cat ngapi?

| | Cat5e | Cat6 | Cat6A |
|---|---|---|---|
| Masafa ya mawimbi | MHz 100 | MHz 250 | MHz 500 |
| Gigabiti 1 | mita 100 | mita 100 | mita 100 |
| Gigabiti 10 | haikutengenezwa kwa hiyo | hadi mita 55 hali ikiwa nzuri | mita 100 |
| Unene | mm 5 na kitu | mm 6 hivi | mm 7 hadi 8 |

Zile mita 100 zina mgawanyo wake: 90 ndani ya ukuta, 10 ni kebo fupi za kuchomeka pande zote mbili.

Kifurushi cha intaneti cha nyumbani hapa mjini, hata cha faiba, bado kiko kwenye megabiti. Cat5e ya shaba inabeba gigabiti 1, yaani megabiti 1,000, na kwa vifaa vya kisasa inabeba hata gigabiti 2.5 kwa mita zilezile 100. Kwa hiyo mtu akiniambia bajeti inaruhusu Cat6 ya CCA au Cat5e ya shaba, sifikirii mara mbili, namvutia Cat5e. Zikiwa zote za shaba na tofauti ya bei ni ya kuvumilika, nachukua Cat6: nyaya zake kwa kawaida ni nene kidogo, zinabeba PoE vizuri zaidi.

Cat6A kwa nyumba isiyo ya ghorofa, sioni haja. Ni nene, ngumu, haipendi kona, na kwenye bomba la 20 zinaingia moja au mbili tu. Ukiwa na bomba la 25 na kamba ya nailoni ndani, siku utakapoihitaji utaivuta. Hiyo ndiyo maana ya kuanza na bomba.

Zile kebo bapa zinazouzwa kama Cat7 na Cat8, ziache zikae kwenye kioo cha duka. Cat8 halisi ipo, na ni ya mita 30 ndani ya vyumba vya seva.

Kuhusu kebo zenye foili ndani, ile karatasi nyembamba ya madini inayozizunguka nyaya: kwa nyumba, chukua zisizo na foili. Foili inataka iungwe ardhini ipasavyo, kuanzia soketi hadi pale kebo zote zinapokutana, na isipoungwa haina kazi uliyoilipia. Umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye umeme unakupa unachokitafuta, bure.

Kichwa au soketi?

Mafundi wengi hapa huvuta kebo kutoka tundu la ukutani, wanabana kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha kuchomeka kwenye kifaa, wanachomeka kwenye runinga. Ni rahisi, na kwa kamera iliyo darini ambayo haitaguswa, hata mimi nafanya hivyo. Lakini kebo ya ukutani ina waya mmoja mzima katika kila ganda, haikutengenezwa kupindwa kila mama anapofagia nyuma ya runinga. Mwisho itakatika kwenye shingo ya kichwa, na kila ukikata ubane upya inazidi kuwa fupi. Soketi ya ukutani inaifunga kebo hiyo isitikisike. Kutoka hapo unatumia kebo fupi yenye nyuzi nyingi laini, ambayo ikichoka unanunua nyingine.

Ukibana kichwa au ukigonga nyaya kwenye soketi, fuata mpangilio mmoja wa rangi pande zote mbili. Mimi natumia ule uitwao B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani ilivyotengwa, mmoja wa tatu na mwingine wa sita. Si mapambo. Tundu la 3 na la 6 hufanya kazi kama jozi, na lazima ziwe nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ili kelele zao za umeme zifutane.

Niliitwa Kisasa kwenye nyumba ambayo kila kompyuta ilikuwa ikinata. Fundi aliyetangulia alikuwa amepanga rangi kwa jozi moja moja, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, pande zote mbili vilevile. Alinionyesha testa yake: taa 1 hadi 8 zinawaka kwa zamu, safi kabisa. "Kaka, mbona zote zinawaka?" Zinawaka kwa sababu testa ya taa inauliza kitu kimoja tu, kama waya umefika. Haiulizi umefika ukiwa umesokotwa na nani. Tulikata ncha kumi na sita. Na usiifumue jozi zaidi ya milimita 13 kabla ya meno. Hapo pia testa haisemi kitu.

Ukimaliza, chomeka kompyuta yenye tundu la gigabiti uangalie kasi ya muunganisho. Ikiandika megabiti 100, kuna waya wa bluu au wa kahawia haujashika, kwa kuwa kasi hiyo inatumia nyaya nne tu. Watu wanaishi na kosa hilo miaka wakilaumu kampuni ya intaneti.

Kwenda getini na nyumba ya uani

Viwanja vyetu si vya Kariakoo. Kutoka nyumba kubwa hadi ya uani mita 40 ni kawaida, na hapo unachagua kati ya shaba ya nje, faiba na redio.

Shaba ya nje ni ile nyeusi, ganda gumu la kuvumilia jua. Ya kijivu ya ndani ukiianika kwenye ukuta wa magharibi inapauka, kisha inapasuka. Faida ya shaba ni kwamba inabeba na umeme, kwa hiyo kamera ya getini haihitaji soketi. Ila inabeba pia kitu usichokitaka. Masika yetu ni mafupi, yana ngurumo. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga ardhi jirani, ethi (waya wa ardhini) ya nyumba kubwa na ethi ya nyumba ya uani zinatofautiana volti kwa kufumba na kufumbua, na kebo ya shaba iliyoziunganisha inakuwa daraja. Swichi mbili zinaungua siku moja.

Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kwa kuunganisha majengo mawili yenye umeme na ethi zake, naichagua kila mara. Unanunua kebo iliyokwisha kufungwa vichwa kwa urefu wako, unaipitisha kwenye bomba lililochimbiwa futi moja na nusu, unaziba midomo ya bomba dhidi ya mchwa, na pande zote unaweka vibadilishi vya kurudisha mwanga kuwa RJ45. Mambo mawili tu ya kuangalia dukani. Vibadilishi vya uzi mmoja wa faiba vinauzwa kwa jozi, kimoja A na kingine B, kwa sababu kila kimoja kinarusha rangi ya mwanga ambayo mwenzake anapokea. Ukinunua A mbili zitatazamana tu. Na vichwa vya kebo viwe vya bluu kama tundu la kibadilishi. Vya kijani, kama kile cha mtu wa faiba anayekuja kukufungia intaneti, vimekatwa kwa mshazari. Vinaingia kwenye tundu la bluu, lakini mwanga unapotea.

Redio mbili za kutazamana ni za pale uwanja ulipokwisha kuwekwa pevingi na hutaki kuibomoa. Ziwekwe juu, zionane bila mti katikati, na ukumbuke kwamba mwarobaini wa mwaka huu si wa mwaka ujao.

Kamera ya getini iliyofungwa kwenye nguzo ya geti, isiyo na umeme wake, ivutie shaba nyeusi, na uweke kizuia radi kilichoungwa kwenye ethi pale kebo inapoingia ndani. Mwalimu wa Nzuguni ndicho alichokiweka.

Ukiwa mpangaji

Usitindue nyumba ya mtu. Nunua kebo fupi mbili tatu zilizofungwa vichwa kiwandani, za shaba, mita 15 au 20, mfereji wa plastiki wa skrubu, na kituo kimoja cha Wi-Fi cha kuweka mwisho wa korido. Matundu ya skrubu utayaziba kwa waiti simenti siku ya kuhama, na kebo utaikunja uondoke nayo. Kama mwenye nyumba anajenga nyingine kiwanja cha pili, mwambie habari ya bomba la 25 kabla fundi wake hajafika kwenye lenta.